Ruhusa ya Maji: Habari za Maziwa Yetu, Kutoka Empakaai Hadi Eyasi

Kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama Kikuu chetu kina habari nyingi za kufurahisha: habari za maghala na mizani, za vitunguu vya Mang'ola na kahawa ya Oldeani, na za vita vyetu na lumbesa, ambavyo kila mwanachama anavijua kwa maumivu ya mfuko wake mwenyewe. Sisi tumetakiwa kuandika habari ya namna nyingine, nayo ni historia ya ruhusa ya kutumia maziwa ya nchi yetu: nani aliruhusiwa kushuka ziwani, kwa kazi gani, kwa cheti cha nani, na ruhusa hiyo iliishaje. Huenda msomaji akauliza, mkulima ana shauri gani na ziwa, na hali wengi wetu hatujapata kupanda mtumbwi tangu kuzaliwa? Tunajibu kwamba ana shauri kubwa. Maji yanayopita katika mfereji wake na maji yanayolijaza ziwa ni maji yale yale, na karatasi inayoruhusu kazi moja huweza kuzuia kazi nyingine.

Maziwa tutakayoyataja ni matatu, na Manyara tutaliacha, kwa kuwa lina historia yake. La kwanza ni ziwa la Empakaai, ambalo Wamaasai huliita Emakat, yaani magadi. Liko ndani ya shimo la mlima wa volkeno, shimo lenye upana wa kilomita sita hivi, na maji yamefunika zaidi ya nusu ya sakafu yake. La pili ni Magadi, katika kreta ya Ngorongoro yenyewe. La tatu ni Eyasi, chini katika Bonde la Ufa, ambalo urefu wake unakaribia kilomita 80. Yote matatu hayana mto wa kutoka. Maji huingia, nayo hayatoki ila kwa kukaushwa na jua. Ndiyo sababu maji yake ni ya chumvi na magadi, na ndiyo sababu kila kinachozuiwa au kuongezwa huko juu huonekana upesi huku chini.

Tuanze Empakaai, ambako habari ni fupi. Hapana gati huko, wala hapana mtu afanyaye biashara ya mitumbwi. Ukingo wa shimo hilo mahali pengine unapita mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na kuta zake zimevaa msitu hata karibu na maji. Mgeni hushuka kwa miguu, akiwa amelipa ada ya kuingia katika hifadhi, na askari mwenye bunduki hufuatana naye kwa ajili ya nyati. Watu wengine waliopata kulichungulia ziwa hilo kwa undani ni wataalamu. Mwaka wa 2006 baadhi yao walitangaza matokeo ya kuchunguza tope lililochotwa katika ziwa, nao wakasoma katika chavua iliyohifadhiwa humo jinsi mimea ya mlima ilivyobadilika kati ya miaka 14,800 na miaka 9,300 iliyopita. Kitabu cha kumbukumbu kilichoandikwa na matope! Wafugaji wa vijiji vya karibu nao walikuwa wakiteremsha ng'ombe kwa ajili ya maji na chumvi, na habari ya ruhusa yao tutaieleza pamoja na ile ya Magadi, maana zilikwisha siku moja.

Anayetaka kuona mitumbwi juu ya ziwa la mlima hana budi kwenda mbali kidogo, hata Duluti karibu na Tengeru, ambalo pia ni ziwa la shimo la volkeno lililozungukwa na hifadhi ya msitu, au hata Momella Ndogo katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Huko wageni hupiga kasia kwa ruhusa ya wenye mamlaka ya msitu au ya hifadhi. Chombo kinachopakia abiria kina shauri jingine zaidi, maana usalama wake husimamiwa na TASAC, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2017. Wako watu wanaoona kwamba kukagua chombo cha majini ni usumbufu wa wenye ofisi. Sisi hatukubaliani nao. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Mv Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha Mv Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na katika kila msiba watu waliokufa walihesabiwa kwa mamia. Cheti kinachosema chombo hiki kibebe watu kadha wa kadha, wala wasizidi, ni cheti chenye maana, kikifuatwa. Basi tusidhaniwe kwamba tunaandika kupinga vyeti. Tunauliza tu kila kimoja kimetolewa kwa nani na kwa sababu gani.

Sasa tushuke Magadi, na hapa inatupasa kukaa kidogo.

Kreta ya Ngorongoro ina sakafu ya kilomita za mraba zipatazo 260, na kuta zake zina urefu wa mita 600 hivi. Mto Munge huingia kutoka Olmoti, na chemchemi za Ngoitokitok na nyinginezo hububujika chini, na sehemu kubwa ya maji hayo huishia katika ziwa Magadi, ambalo wakati wa kiangazi hupungua hata kubaki weupe wa chumvi unaong'aa juani. Kwa mfugaji, mahali kama hapo pana vitu vitatu kwa pamoja: majani, maji matamu ya chemchemi, na chumvi ya kulambwa na ng'ombe. Watatoga walikaa humo kabla ya Wamaasai, na makaburi ya wazee wao yamo humo hata leo. Wamaasai wakawatoa katika karne ya 19, na wengi wa jamaa za Watatoga sasa wako kandokando ya Eyasi, majirani zetu. Zamani hizo ruhusa ya maji ilikuwa mkuki, na baada ya mkuki, mashauri ya wazee juu ya nani anyweshe siku gani.

Mzungu wa kwanza kuandika habari za kreta, Oscar Baumann, aliingia humo mwezi wa Machi 1892. Alifika wakati mbaya. Sotoka ilikuwa imekwisha kupita, ng'ombe walikuwa wamekufa kote nchini, na Wamaasai aliowakuta walikuwa mifupa mitupu kwa njaa. Katika safari hiyo hiyo alifika Manyara na Eyasi pia. Miaka michache baadaye karatasi ya kwanza ikaja. Ndugu wawili Wadachi, Adolf na Friedrich Siedentopf, walipata mashamba ndani ya kreta chini ya serikali ya Kidachi, Adolf akakaa upande wa mto Munge. Hivyo maji ambayo watu na mifugo walikuwa wakiyatumia kwa desturi yakawa ndani ya mipaka ya shamba la mtu mmoja mwenye hati. Vita ya 1914 ilipokwisha Wadachi walikuwa wamekwisha kuondoka, na serikali ya Kiingereza ikaleta namna yake ya karatasi. Mwaka wa 1928 uwindaji ulikatazwa ndani ya ukingo wa kreta, isipokuwa katika yale yaliyokuwa mashamba ya Siedentopf. Msomaji aone ubora wa hati: shamba limeachwa na mwenyewe, lakini mpaka wake bado unatoa watu katika sheria.

Mwaka wa 1948 ikatungwa sheria ya hifadhi za taifa, na mwaka wa 1951 Hifadhi ya Serengeti ikaanza, na Ngorongoro ilikuwa ndani yake. Mwaka wa 1954 kilimo kikakatazwa ndani ya hifadhi, na hapo ugomvi ukawa mkubwa. Mwaka wa 1958 wazee 12 wa Kimaasai walitia sahihi mapatano ya kuhama upande wa magharibi wa Serengeti, na mwaka wa 1959 nchi ya Ngorongoro ikatengwa na hifadhi ya taifa, ikapewa sheria yake, ili wanyama wa porini na wafugaji wakae pamoja. Mwezi wa Agosti mwaka huo Gavana Richard Turnbull aliliambia Baraza la Wamaasai kwamba serikali italinda wanyama, lakini haja za wanyama zikigongana na za watu wakaao humo, za watu zitatangulia. Maneno hayo yamekumbukwa vizuri na waliosikia kuliko na waliofuata katika ofisi. Henry Fosbrooke alipokuwa mhifadhi katika miaka ya kwanza ya Uhuru, na baada yake Solomon ole Saibull, Mwafrika wa kwanza kushika kazi hiyo, jaribio hilo la kukaa pamoja lilikuwa bado jipya, na boma za Wamaasai zilikuwa bado chini katika kreta.

Mwaka wa 1974 boma hizo zikaondolewa. Mwaka wa 1975 sheria mpya ikakiunda chombo tunachokijua leo kwa jina la Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, na kilimo kikakatazwa katika eneo lote. Katazo hilo lililegezwa mwaka wa 1992 na kurudishwa mwaka wa 2009. Lakini ng'ombe hawakukatazwa chumvi. Waliruhusiwa kuteremka asubuhi, wanywe, walambe, kisha wapande ukingo kabla ya usiku. Mtu aliyeona makundi hayo yakishuka kwa Seneto katika vumbi jekundu, na watoto wa kuchunga wakipiga mbinja nyuma yao, hawezi kusahau. Zaidi ya miaka 40 mambo yalikwenda hivyo. Mwaka wa 1979 Ngorongoro iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, magari ya watalii yakaongezeka mwaka hata mwaka, na watu na mifugo ya vijiji vya juu vikaongezeka pia. Ndipo mwezi wa Desemba 2016 Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, akaagiza mifugo isiingie tena katika kreta ya Ngorongoro, wala Olmoti, wala Empakaai. Ruhusa ya miaka 40 ikaisha. Tangu mwaka wa 2022, kama wanachama wajuavyo, familia nyingi zimehamia Msomera katika wilaya ya Handeni chini ya mpango wa serikali, na mashauri juu ya jambo hilo bado ni marefu.

Hatukupewa kalamu hii ili kuamua shauri la watu na wanyama. Wenye kulinda kreta wana hoja zao, na hoja hizo zinatuhusu sisi wakulima wa Karatu kuliko mtu mwingine yeyote, maana msitu wa nyanda za juu, ambao Mamlaka inaulinda, ndio mama wa chemchemi zetu. Msitu ule ukikatwa, Mang'ola hakuna kitunguu. Neno letu ni moja tu. Ruhusa ya kuteremsha ng'ombe ilikuwa ya kila siku, ikajulikana na watu wote, ikazoeleka hata watoto wakadhani ni desturi isiyokoma. Lakini haikuwa haki iliyowekwa katika sheria kwa jina la kijiji au la umoja wa wafugaji. Ilitegemea uamuzi wa utawala. Palipotolewa uamuzi mwingine, hapakuwa na karatasi ya kupeleka mbele ya hakimu.

Wala tusijione kuwa sisi wa ushirika tumesalimika na mambo kama hayo. Vyama vyetu vya Tanganyika vilikuwa na sheria tangu mwaka wa 1932, vikawa na cheti cha kuandikishwa, muhuri, na majengo mazuri mjini. Na bado mwaka wa 1976 vyama vikuu vyote vilifutwa, mazao yakapelekwa kwa mashirika ya serikali, hata sheria ya mwaka wa 1982 ilipovirudisha. Wazee wa ushirika waliokuwa wamejenga kwa senti za wanachama waliambiwa wakabidhi funguo. Tofauti ni hii, kwamba kwa kuwa vyama vilikuwa vimeandikwa, na wanachama wake walijulikana, vilikuwa na jina la kurudishiwa. Chama Kikuu chetu chenye miaka kumi leo kinaishi chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka wa 2013, na tumeona vema kulitaja jambo hili katika sikukuu, kwa kuwa katika sikukuu watu hukumbuka keki na kusahau cheti.

Basi tuteremke Eyasi.

Ziwa hili ni pana na fupi kwa kina. Wakati wa kiangazi maji yake katika sehemu nyingi hayafiki mita moja, na mvuvi huweza kutembea akivuta wavu; mwaka wa ukame mkali hubaki uwanda mweupe ambao upepo huinua vumbi lake la chumvi. Lakini mvua zikiwa kubwa, maji ya Manonga na Wembere hujaza Kitangiri, Kitangiri humwaga mto Sibiti, na Sibiti huleta Eyasi mafuriko ya nchi ambazo hazijui hata jina la Mang'ola. Upande wetu huleta mto Barai na maji ya chemchemi za Qangdend na jirani zake. Samaki wake ni kambare, na aina ya perege ambayo makazi yake ni maziwa ya chumvi ya Tanzania, kama Eyasi, Manyara na Kitangiri. Katika miaka ya kawaida samaki hao hutosha vitoweo vya vijiji. Katika miaka ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998, samaki huwa wengi, na wavuvi wa mbali huja na nyavu na mitumbwi, nyumba za manyasi zikasimama ufukoni, na sokoni Karatu samaki wa kukaushwa akauzwa kando ya mbaazi.

Hapo ndipo vyeti vinapoanza kuwa vingi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka wa 2003 inataka mvuvi awe na leseni, na chombo chake kiandikishwe na kiwe na leseni yake, na leseni hizo hukatwa upya kila mwaka. Mwaka wa samaki mvuvi hulipa kwa furaha. Mwaka wa vumbi hakuna wa kulipa wala wa kulipwa. Kadhalika ziwa ni moja lakini ufuko umegawanyika. Upande wa Karatu uko katika mkoa wa Arusha, upande wa Mbulu uko katika mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka wa 2002, na ng'ambo ya ziwa iko mikoa ya Singida na Simiyu. Samaki hawajui mipaka ya mikoa. Mtu mwenye leseni ya wilaya moja, akisukumwa na upepo au na tamaa, hujikuta akiulizwa karatasi na afisa wa wilaya nyingine.

Tena kuna shauri la mahali pa kuegesha mitumbwi, mahali ambapo watu wa Ziwa Viktoria hupaita mwalo na watu wa pwani hupaita diko. Katika ziwa lenye ufuko imara serikali hutangaza mwalo, hupajenga sakafu ya kupokelea samaki, huweka mizani, na hapo ushuru hukusanywa. Katika Eyasi ufuko hutembea. Pale mtumbwi ulipofungwa mwezi wa Mei, mwezi wa Oktoba utaukuta umelala juu ya chumvi kavu, na maji yako mbali sana mbele yake. Anayeomba kibali cha kujenga gati huko anaomba kibali cha kujenga daraja lisilo na mto. Tunasema haya kwa mzaha kidogo, lakini maafisa wasicheke sana, kwa maana sheria nyingine inapima vipimo vyake kutoka ufuko huo huo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka wa 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa la asili, mto au bwawa. Ni sheria njema, na nchi zenye miteremko kama yetu zinaihitaji. Lakini mita 60 kutoka wapi? Kutoka maji ya Mei, au kutoka maji ya Oktoba? Kutoka ukingo wa mwaka wa El Niño, au ukingo wa mwaka wa njaa? Katika uwanda ulio sawa kama sakafu ya nyumba, tofauti ya maji ya kifundo cha mguu huweza kuhamisha ufuko mbali kuliko hizo mita 60 mara nyingi. Yuko mkulima wa vitunguu ambaye shamba lake liko halali mwaka huu, na ambaye baada ya mvua za masika huweza kuambiwa kwamba analima ndani ya eneo lililokatazwa, naye hajasogeza jembe hata hatua moja.

Hayo ni ya ufuko. Ya maji yenyewe ni mazito zaidi. Zamani mkulima wa mfereji aliomba haki ya maji, kama ilivyowekwa na sheria ya mwaka wa 1974. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka wa 2009 imebadili neno hilo, na sasa mtu hapewi haki bali kibali cha kutumia maji. Kwetu kibali hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, yenye makao Singida. Neno limebadilika kwa makusudi: haki mtu huishika, kibali mtu huazimwa, nacho kina kiasi, kina masharti, na huweza kupunguzwa maji yakipungua. Na sheria hiyo hiyo imepanga safu. Yanatangulia maji ya matumizi ya nyumbani, yanafuata maji ya kuhifadhi mazingira, ndipo zinapokuja kazi nyingine, na kumwagilia vitunguu ni moja ya kazi hizo nyingine. Ziwa Eyasi lenye perege wake liko mbele yetu katika safu. Mama mwenye ndoo yuko mbele ya wote, na hilo ni sawa.

Msomaji sasa anaweza kuona jinsi watu wanne wanavyokaa kando ya maji yale yale, kila mmoja na karatasi yake au bila karatasi. Mkulima wa Mang'ola ana kibali cha mfereji, au anamwagilia katika mfereji ambao kibali chake kimeandikwa kwa jina la mtu aliyekwisha kufa, au hana kabisa. Mvuvi ana leseni ya mwaka mmoja juu ya ziwa lisilojulikana kama litakuwako mwakani. Mfugaji wa Kitatoga ananywesha kwa desturi. Mhadzabe, ambaye watu wake walikuwako Eyasi kabla ya sisi sote, anachota maji na kuwinda katika nchi ambayo kila mwaka inalimwa zaidi. Mkulima akifungua mfereji usiku si zamu yake, mfugaji wa chini hukuta tope asubuhi, na ziwa hupoteza tone lake. Ugomvi huanza kwa maneno ya mfereji, ukaishia kwa mtendaji, na mara nyingine ukapita hapo.

Sheria ya mwaka wa 2009 imeweka njia ambayo watu wa ushirika wanapaswa kuielewa upesi kuliko wengine, kwa kuwa inafanana na kazi yao. Watumiaji wa maji ya chanzo kimoja wakikubaliana wengi wao, huweza kuunda jumuiya ya watumia maji, ikaandikishwa, ikashika kibali kwa jina lake, ikagawa zamu, ikakusanya ada, na ikaamua ugomvi mdogo kabla haujawa mkubwa. Kibali cha jumuiya hakifi pamoja na mwenyekiti. Hakiuzwi na mrithi. Na jumuiya si ya wakulima peke yao: mfugaji na mvuvi nao ni watumiaji wa maji, nao wana kiti chao wakitaka kukaa. Tumeshuhudia mikutano ya mfereji ambayo wafugaji hawakualikwa, kisha watu wakastaajabu kwa nini wafugaji hawakuyaheshimu maazimio.

Chama Kikuu chetu ni chama cha mazao, si chama cha maji, na kisijaribu kuzinyang'anya jumuiya kazi yao. Lakini kina vitu viwili ambavyo jumuiya changa hazina: makarani wanaojua kutunza daftari, na kabati lenye kufuli. Tungependa kuona kila chama cha msingi cha Mang'ola na vijiji vya ufukoni kikiuliza wanachama wake swali moja katika mkutano mkuu ujao, yaani maji unayotumia yameandikwa kwa jina la nani, na nakala ya karatasi hiyo iko wapi. Majibu yaandikwe. Mahali ambapo jina ni la marehemu, ombi jipya lipelekwe Singida kwa jina la jumuiya, kabla hajatokea mtu mwenye pesa akaomba chemchemi ile ile kwa jina lake.

Na juu ya ufuko wa Eyasi, tunaomba halmashauri, maafisa wa mazingira, maafisa wa uvuvi na Bodi ya Maji waje pamoja mwisho wa masika, wakati maji yako juu, watembee ufukoni na wazee wa vijiji wanaokumbuka maji yalifika wapi mwaka wa 1998, na waweke alama za saruji mahali ambapo wote watakubali kupima mita 60. Wazee hao wanapungua kila mwaka. Wako wanaojua mti ambao mitumbwi ilifungwa mwaka ule, na mti huo leo uko katikati ya shamba la vitunguu.